Gari ya umeme imepata ajali na imezima kabisa, pasipoti ya mama mkwe iko ndani. Naifunguaje?

Msafiri wa Kibo (mleta uzi), Jumanne saa 4 usiku

Wakuu, salaam. Niko Sacramento, California, na tangu Jumamosi sijalala vizuri, kwa hiyo mnivumilie maelezo yakiwa marefu.

Jumamosi mchana mke wangu alikuwa anaendesha Tesla Model 3 yetu ya 2021 kwenye barabara kuu ya 99, mama yake amekaa kiti cha abiria mbele. Pikapu ikahama njia ghafla, akakanyaga breki, haikutosha, akaigonga. Pua yote ya gari imeingia ndani na eabegi za mbele zimefumuka. Mungu ni mwema, wote wawili wako hai. Mke wangu amevunjika mtulinga, mama ana michubuko ya mkanda kifuani. Mtoto hakuwemo.

Gari ikabebwa na brekidauni hadi yadi. Jana nimekwenda kuchukua vitu na sikuambulia kitu. Milango imefungwa, vitasa ukivibonyeza hakuna kinachotokea, kadi inayotumika kama ufunguo nikiiweka kwenye nguzo ya mlango kimya, na programu ya simu inasema gari haipatikani. Jamaa wa yadi akaniambia gari ya namna hii ikizima yeye haigusi, nisubiri bima waje kuichukua.

Ndani kuna hivi: pasipoti ya mama mkwe, iko kwenye droo ya dashibodi, na ndege yake ya kurudi Kilimanjaro ni Alhamisi ya wiki ijayo. Humo humo kwenye droo kuna flashi inayorekodi kamera za gari, na mwenye pikapu anadai sisi ndio tulimfuata kwa kasi. Kwenye buti la nyuma kuna dawa zake za presha na kiti cha mtoto. Kwenye buti la mbele, chini ya boneti, kuna mkoba wake wenye kitabu cha nyimbo cha marehemu mume wake.

Mwenye uzoefu na hizi gari anisaidie. Sitaki kuvunja kitu kikanigharimu, ila sitaki pia mama akose ndege.

---

Fundi wa Volti, Jumanne saa 5 usiku

Pole sana mkuu, mpe pole shemeji na mama. Nimefanya kazi na gari za umeme miaka sita sasa, nitakueleza kwanza kwa nini imekuwa hivyo, maana ukielewa hapo hutafanya kosa yadini.

Watu wanaona betri kubwa imejaa sakafu nzima wanadhani umeme hauwezi kukosekana. Lakini vitasa, skrini, madirisha na kufuli za mabuti yote mawili vinakula kwenye betri ndogo ya volti 12, sawasawa na ile ya Corolla. Betri kubwa kazi yake nyingine ni kuichaji hiyo ndogo. Eabegi zikifumuka, kuna fyuzi ya baruti inayolipuka makusudi ili kuitenga betri kubwa na gari lote, zimamoto wasipigwe na umeme. Kuanzia dakika hiyo betri ndogo haichajiwi tena. Taa za hatari zinaendelea kuwaka, kompyuta zinaendelea kula, na baada ya muda inakauka. Ungelifika Jumamosi jioni ileile pengine skrini ingewaka bado na ungefungua kila kitu kwa kidole.

Sasa shida ya Model 3 ni kwamba kwa nje haina tundu la ufunguo hata moja. Kitasa ni swichi tu. Kwa ndani, milango miwili ya mbele ina kishikio cha mkono, kiko mbele kidogo ya swichi za vioo, unakivuta juu na mlango unafunguka bila umeme. Milango ya nyuma ya toleo lako haina. Kwa hiyo kazi yote ni kufikisha mkono au kitu kwenye kile kishikio cha mbele.

Niambie: kuna kioo chochote kilichovunjika? Na bampa ya mbele imebaki au imesagika?

---

Mzee wa Pwani, Jumanne saa 5 na nusu usiku

Pole kijana wangu. Mimi nauliza tu, hawa waliotengeneza gari lisilo na tundu la ufunguo walifikiria nini? Mtu akiwa ndani moshi unajaa je?

---

Fundi wa Volti, Jumanne saa 5 na dakika 50 usiku

Shikamoo mzee. Swali hilo hata serikali ya Marekani imeliuliza. Septemba 2025 mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu Model Y za 2021, kama gari 174,000, baada ya malalamiko ya wazazi walioshuka mara moja, wakataka kumtoa mtoto kiti cha nyuma, wakakuta kitasa cha nje kimekufa. Wengine walilazimika kuvunja kioo. Kwa aliye ndani mbele kishikio kipo, ila lazima uwe umekijua kabla. Mimi kila mteja wangu namshika mkono namwonyesha.

---

Msafiri wa Kibo, Jumatano saa 1 asubuhi

Asante Fundi. Vioo vyote viko, cha abiria mbele kimepata ufa lakini hakijaanguka. Bampa ya mbele imesagika upande wa kulia, kule ambako nimeona kwenye video watu wanatoa kifuniko cha duara na kuvuta nyaya mbili.

Nimeangalia video hizo usiku kucha. Nina mashine ndogo ya kubusti. Nikiiunga kwenye hizo nyaya mlango utafunguka?

---

Fundi wa Volti, Jumatano saa 2 asubuhi

Hapana mkuu, na hapa nisikilize vizuri.

Nyaya zile nyekundu na nyeusi kazi yake ni moja tu: kufyatua kufuli za boneti betri ndogo ikiwa imekufa. Hazifungui milango wala haziamshi skrini. Kwa gari nzima iliyolala na betri imekufa, utaratibu ni huo: unafungua boneti kwa nyaya, unatoa paneli ya plastiki karibu na kioo cha mbele, unafika kwenye betri ndogo, unaibusti hapo, gari linaamka, kadi inafanya kazi.

Lako limegongwa mbele, na hapo ndipo nyaya nyingi za volti 12 zinapita, na zile nene za rangi ya machungwa za umeme mkubwa haziko mbali. Huwezi kuona kwa macho waya gani umechubuka unagusa chuma. Halafu chini ya boneti kuna kitanzi cha waya ambacho zimamoto hukikata ili kuzima mfumo wa umeme mkubwa. Ukikuta kimekatwa usikiunge, na usitafute njia ya kukizunguka. Kuingiza umeme kwenye gari lililogongwa ni kazi ya mtu mwenye vifaa na mafunzo.

Na sikutishi bure, mfano uko hapo hapo kwenu. Juni 2022, Rancho Cordova, pembeni tu ya Sacramento, Tesla Model S iliyokaa yadi ya gari mbovu wiki tatu baada ya ajali iliwaka moto yenyewe. Zimamoto wa Sacramento Metro waliizima, ikawaka tena, mwishoni wakachimba shimo, wakaisukumia humo na kulijaza maji. Walitumia galoni 4,500, karibu lita 17,000. Ndiyo maana mwongozo wa Tesla kwa waokoaji unataka gari iliyoharibika iwekwe mita 15 mbali na vitu vingine. Jamaa wa yadi aliyekataa kuigusa ana sababu, usigombane naye.

Ukifika, kabla ya kuweka hata mkono: sikiliza kama kuna sauti ya kufoka au kupasuka pasuka, nusa kama kuna harufu kali ya kemikali, angalia mvuke au moshi chini ya sakafu. Kimoja tu kikiwepo, ondoka na mwite zimamoto. Pasipoti inatengenezwa nyingine.

---

Nesi wa Usiku, Jumatano saa 4 asubuhi

Poleni sana familia. Naongezea yangu mawili.

Dawa za presha zilizokaa ndani ya gari lililofungwa siku nne kwenye jua la California msimu huu, hata mkizipata msimpe mama. Piga simu leo kwa daktari au duka la dawa waliomwona huko, aeleze amekosa dozi tangu Jumamosi. Msisubiri gari. Mtu wa umri wake, ametoka kwenye ajali, ana mshtuko, presha isipimwe wala dawa asipate, hilo linanisumbua kuliko pasipoti.

La pili ni kiti cha mtoto. Kilikuwa kwenye buti au kimefungwa kwenye siti?

---

Msafiri wa Kibo, Jumatano saa 5 asubuhi

Dada asante, sikuwa nimefikiria dozi kabisa. Nimepiga simu, tunakwenda saa 8 mchana. Kiti nimemuuliza mke wangu, anasema kilikuwa kimefungwa siti ya nyuma, nilikosea.

---

Nesi wa Usiku, Jumatano saa 5 na robo

Basi msikitumie tena hata kama kinaonekana kizima. NHTSA wenyewe wanashauri kiti kibadilishwe baada ya ajali kubwa au ya wastani, na eabegi zikishafumuka hiyo tayari si ajali ndogo. California kuna hali ambazo bima ya gari inatakiwa kukilipia, waulize kabla hawajafunga faili lenu. Piga picha lebo yake ukifika.

---

Yadini Sharja, Jumatano saa 7 mchana

Salaam aleikum. Mimi ni wa Tanga, niko Sharjah, nafanya kazi kwenye yadi inayopokea gari za ajali kutoka Amerika. Nimesoma nikaona niseme upande ambao wengi hawauoni, kwa sababu mimi ndiye ninayezifungua hizo gari zikishafika huku.

Kaka, kimbia. Gari yako bima wakiihesabu kuwa imekufa, watakulipa, utasaini kadi ya umiliki, itakwenda mnadani, itaingia kontena. Mimi nafungua milango nakuta picha za watoto, vyeti vya shule, miwani ya mzee, kanzu iliyopigwa pasi bado iko kwenye nailoni. Mwenyewe yuko bara jingine na mimi sina pa kumpata. Mwaka jana nimekuta mkufu umechorwa jina. Nimeuweka kwenye kabati la ofisi mpaka leo.

Kwa hiyo usisaini chochote cha kuhamisha umiliki kabla hujatoa vitu. Gari ikiwa yako, uamuzi wa kuvunja kioo au droo ni wako pamoja na bima. Ikishakuwa ya kwao, unaomba.

Na ukishamaliza, ingia kwenye programu ya simu uiondoe gari kwenye akaunti yako. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba watafiti wa usalama walinunua Model 3 iliyopata ajali, wakakuta ndani yake taarifa za simu zaidi ya kumi zilizowahi kuunganishwa, na video ya ajali yenyewe. Gari inakumbuka nyumba yako ilipo.

---

Msafiri wa Kibo, Jumatano saa 10 jioni

Huu ujumbe wa Sharjah nimemsomea mke wangu, tukanyamaza wote.

Mama ameonwa, amepewa dawa, presha ilikuwa juu lakini imeanza kushuka.

Nimempigia afisa wa bima anayeshughulikia dai letu. Gari wameshaihesabu imekufa, lakini umiliki haujahama. Nimemwomba ruhusa ya kuvunja kioo kimoja na droo ya dashibodi ili kutoa mali binafsi, nikamwomba aiandike kwenye barua pepe. Ameandika. Yadi nao nimewasomea sheria ya magari ya California, kifungu cha 22851, kwamba deni lao la kuhifadhi gari halishiki mali binafsi iliyomo ndani, na mwenye gari akiidai saa za kazi anapewa bila malipo. Msimamizi hakubisha. Kasema kesho saa 3 asubuhi, atakuwepo mtu wao, hakuna kuunga umeme wa aina yoyote.

Fundi, nivunje kioo kipi?

---

Fundi wa Volti, Jumatano saa 12 jioni

Cha mlango wa nyuma. Vioo vya milango ya mbele kwa toleo la 2021 ni vya tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ukipiga kinapata ufa kinabaki palepale, ndiyo maana kile chenye ufa hakikuanguka. Cha nyuma kwako ni kioo cha kawaida kinachomwagika punje. Tumia kile kifaa cha chemchemi cha kuvunjia vioo, kona ya chini, vaa miwani na glavu nene, tandika blanketi kwenye siti.

Kioo kikishuka, pitisha mkono mbele kupitia kati ya siti na nguzo, ufikie kishikio cha mlango wa mbele. Mkono ukiwa mfupi chukua fimbo yenye ndoano. Vuta juu.

Buti la nyuma usihangaike nalo kwa nje. Siti za nyuma zinalala kwa mkono, utafika kutokea ndani.

Droo ndiyo mtihani. Haina kitasa, inafunguliwa na skrini tu, hivyo utaibandua. Kuna eabegi ya magoti ya abiria sehemu ya chini hapo. Angalia kwanza kama imefumuka. Kama haijafumuka usitie chuma wala usikae mbele yake, waachie watu wa yadi. Kama imefumuka, tumia kabari za plastiki, zile za kutolea paneli za ndani, anzia ukingo wa juu wa kifuniko, taratibu.

---

Dereva wa Nairobi, Jumatano saa 2 usiku

Pole sana ndugu. Nimekuwa nikifuata uzi huu kwa makini maana naendesha Nissan Leaf ya kutoka Japani kazi ya teksi, na sijawahi kujiuliza ikizima nitaingiaje. Hii yetu iko vipi?

---

Fundi wa Volti, Jumatano saa 2 na nusu usiku

Leaf ina nafuu kubwa. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, na mlango wa dereva una tundu. Boneti ni ya waya wa kuvuta, betri ndogo iko hapo juu unaiona, droo ya dashibodi ni ya mkono. Buti tu ndilo la swichi ya umeme. Likigoma, lala siti za nyuma, ingia ndani, kwenye mlango wa buti kwa chini kuna kifuniko kidogo cha plastiki, ukikitoa utakuta kishikio cha dharura. Kajaribu kesho gari ikiwa nzima, usisubiri siku ya shida.

---

Msafiri wa Kibo, Alhamisi saa 9 alasiri

Wakuu, pasipoti ninayo mkononi.

Naeleza yote, labda kuna mwingine atapita hapa siku moja.

Gari wameiweka peke yake mwisho wa yadi, imezungukwa na vibao. Mtu wao alikuja na kile kifaa cha kupima joto kwa mbali, akakipitisha chini ya sakafu pande zote, akasema sawa. Nikasikiliza na kunusa kama Fundi alivyosema. Harufu iliyokuwepo ni ile ya eabegi, kama baruti iliyochanganyika na unga.

Kioo cha nyuma kushoto kilimwagika kwa pigo la pili. Mkono wangu haukufika kwenye kishikio, umepungua kama kiganja. Jamaa wa yadi, yule yule aliyenikatalia Jumatatu, akaleta chuma chembamba akakipinda mwisho, akajaribu mara nne hivi, ya tano mlango ukafunguka. Nilimshukuru mno. Akaniambia babu yake alishawahi kupoteza karatasi zake za uhamiaji kwenye gari lililovutwa.

Siti ya dereva sikuweza kuiangalia sana. Miwani ya mke wangu ilikuwa chini ya pedali.

Siti za nyuma zilikubali kulala, nikatoa dawa (za kutupa) na viatu vya mtoto. Kiti cha mtoto nimekipiga picha nikakiacha. Eabegi ya magoti ilikuwa imefumuka, basi tukaianza droo. Dakika ishirini na zaidi. Kifuniko kilipinda, kikatoa mlio, kikapasuka katikati. Mkono ukaingia. Pasipoti ilikuwa imekunjamana kidogo kona moja, ndani yake mama alikuwa ameweka picha ya mjukuu wake. Flashi nayo ilikuwa bado imechomekwa.

Boneti haikuwezekana. Upande wa kulia chuma kimekula chuma, ule mfuniko wa bampa na nyaya zake havionekani vilipo. Nimewaomba wakate, wamesema hapo ndipo wasipogusa kabisa. Siwalaumu.

---

Yadini Sharja, Alhamisi saa 11 jioni

Alhamdulillahi. Flashi usiichomeke kwenye gari nyingine, itaanza kuandika juu yake. Nakili folda yote kwenye kompyuta, nakala mbili, bima wape nakala, ya asili kaa nayo.

Kwa ule mkoba wa mbele, andika barua kwa bima na kwa kampuni ya mnada watakaoipokea. Weka namba ya chesesi na namba ya mzigo wakikupa. Eleza kitabu kwa rangi na ukubwa, na jina lililoandikwa ndani. Fanya kabla haijauzwa, ikishauzwa yadi hawana jukumu tena. Sisi huku ikija na karatasi iliyobandikwa kioo cha mbele inayosema kuna kitu cha familia, tunatafuta. Wengi wetu tunatafuta.

---

Msafiri wa Kibo, Jumamosi saa 3 usiku

Video imeonekana. Kamera ya mbele na ya ubavu wa kulia zote zinaonyesha pikapu ikiingia njia yetu bila taa, mita chache tu. Nimewapa bima.

Barua nimeandika kama ulivyoelekeza kaka, na nimerudi yadi kubandika karatasi kwenye kioo kwa gundi ya maji, nyingine nimeiweka kwenye siti. Nimeandika kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kiarabu amenisaidia jirani kutoka Yemen.

---

Dereva wa Nairobi, Jumapili saa 8 mchana

Nimejaribu buti la Leaf leo baada ya kanisa. Kifuniko kiligoma, nikakitoa na kijiko bapa, kishikio kipo. Nimemwonyesha mke wangu na mwanangu mkubwa, kila mmoja akafungua mwenyewe. Asante Fundi.

---

Msafiri wa Kibo, Ijumaa iliyofuata, saa 4 usiku

Mama amefika KIA salama, shemeji wamempokea, presha iko vizuri.

Gari imeondoka yadi jana asubuhi. Nimeiondoa kwenye programu usiku huo huo. Mkoba haujapatikana. Kitabu ni cheusi, cha ukubwa wa kiganja, kimeshonwa upya mgongo kwa uzi mwekundu, na ukurasa wa kwanza kuna tarehe ya ndoa yao kwa wino wa buluu. Kama kuna mtu mwingine anayefanya kazi kama kaka wa Sharjah, naomba aisome hii.